Mashine Inapofika Mtaani: Kwa Nini Watumishi na Wananchi Washirikishwe Mapema Katika Miradi ya Akili Mnemba ya Serikali



Robo hii ya mwaka tulikaa na kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama wa Kata ya Chemchem, hapa Manispaa ya Tabora. Ajenda ilikuwa hisa na marejesho ya mikopo. Kabla ya kufunga sanduku, mama mmoja aliomba nafasi akauliza: "Tunasikia serikali inaleta mashine zenye akili. Zikija, zitatuuliza au zitatuandika tu?"

Wengine walicheka, lakini sisi tuliokuwa mbele tulinyamaza, kwa sababu tulilikumbuka kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita, katika mradi wetu mmoja wa misaada ya pembejeo, tuliingiza majina ya kaya kwenye kompyuta na kuiachia programu itoe alama za umaskini. Kaya yenye paa la bati ilipunguziwa alama. Bibi mmoja mjane aliachwa nje ya orodha kwa sababu hiyo. Bati lile alikuwa amejengewa na waumini wenzake baada ya nyumba yake ya nyasi kuungua, na ndani hakuwa na debe moja la mahindi. Jirani yeyote angetueleza hayo, lakini hatukumuuliza jirani. Tuliiuliza kompyuta, nayo ilijibu sawasawa na tulivyoifundisha.

Makala hii inajaribu kulijibu swali la yule mama. Tutaeleza akili mnemba ni nini, inatumikaje serikalini hapa kwetu na kwa jirani, ni nini hutokea watumishi na wananchi wanaposhirikishwa au wanapoachwa, na sisi wa makanisa na vikundi tufanye nini.

AKILI MNEMBA NI NINI?

Wengine huiita akili mnemba, wengine akili unde. Kwa lugha nyepesi, ni programu ya kompyuta inayojifunza kutokana na mifano mingi badala ya kufuata maelekezo yaliyoandikwa hatua kwa hatua.

Mkulima wa tumbaku wa Urambo, Sikonge au Kaliua atalielewa jambo hili upesi. Kijana anayejifunza kupanga tumbaku katika madaraja hasomi kitabu kwanza. Anakaa karibu na mzoefu, anaona jani hili limewekwa huku na lile kule, na baada ya kuona majani mengi jicho lake linazoea. Mashine nayo huonyeshwa maelfu ya picha, sauti au kumbukumbu za watu, na kila mfano huwa na jibu lake. Baadaye ikiletewa kitu kipya, inakisia jibu kwa kukilinganisha na ilivyoviona.

Hapo panatokea mambo matatu ambayo mwananchi anapaswa kuyajua. Kwanza, mashine inajua kile ilichoonyeshwa tu. Kijana aliyefundishwa kwa majani ya shamba moja atababaika sokoni. Pili, anayeamua jibu sahihi katika ile mifano ni mtu, na makosa yake na upendeleo wake vinaingia ndani ya mashine. Tatu, jibu la mashine ni makisio, hata linapoonekana kwenye skrini kama hukumu.

Kwa mantiki hiyo, swali la nani alishirikishwa kuandaa mifano, nani aliijaribu mashine na nani anaweza kuipinga linagusa usahihi wa kazi yenyewe. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

TULIYOJIFUNZA KABLA YA MASHINE KUJA

Ushirikishwaji si neno geni kwetu. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 halmashauri zetu zimekuwa zikitumia mbinu ya Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambapo wananchi wenyewe wanaorodhesha walichonacho, wanachokosa na kipi kianze. Wengi wetu tumewahi kukaa chini ya mwembe tukichora ramani ya kijiji kwa mkaa na mawe.

Mfano ulio karibu zaidi na mada yetu ni Mpango wa Kunusuru Kaya Masikini unaosimamiwa na TASAF, ulioanza mwaka 2012 na kuingia kipindi chake cha pili Februari 2020. Watu wengi wanafahamu malipo yake, lakini wachache wanafahamu jinsi walengwa wanavyopatikana. Kwanza, jamii yenyewe, katika mkutano wa kijiji au mtaa, inakubaliana vigezo vya umaskini na kutaja kaya zinazostahili. Pili, kaya hizo zinajaziwa dodoso kuhusu nyumba, mali, elimu na idadi ya wategemezi, kisha kompyuta inapiga hesabu ya kukadiria hali ya maisha ya kaya. Tatu, orodha inarudishwa kwenye mkutano ili wananchi waithibitishe.

Hiyo si akili mnemba, ni hesabu ya kompyuta. Lakini tuutazame mpangilio wake: watu, kisha mashine, kisha watu tena. Mashine imewekwa katikati. Haianzi peke yake na haimalizi peke yake. Tunajua kwamba hata kwa utaratibu huo malalamiko yamekuwepo, kwa sababu mikutano mingine huhudhuriwa na wachache na wenye sauti kubwa husikika zaidi. Hata hivyo, aliyeachwa ana mahali pa kusimama na kusema, "Mimi mbona simo?" Kule kwenye mradi wetu wa pembejeo bibi yetu hakuwa na mahali hapo. Tulikuwa tumeikata hatua ya tatu ili kuokoa muda.

NURU: JANI LA MUHOGO KUTOKA BAGAMOYO

Tuje sasa kwenye akili mnemba yenyewe. Ipo programu ya simu inayoitwa Nuru, iliyotengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani kwa kushirikiana na Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki (IITA), Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) na wengine. Mkulima au bwana shamba anaelekeza kamera kwenye jani la muhogo, nayo simu inamweleza kama inaona dalili za batobato, za michirizi ya kahawia au za utitiri wa kijani. Inatumia Kiswahili na haihitaji intaneti ikiwa shambani, jambo ambalo kwa vijiji vyetu si dogo.

Mashine hiyo ilianza kujifunzia hapa nchini. Picha za mwanzo zaidi ya 2,700 zilipigwa katika mashamba ya majaribio ya IITA nje ya mji wa Bagamoyo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Ni Bagamoyo ile ile ambako misafara ya zamani ilianzia kuja huku kwetu Unyanyembe. Wataalamu wa muhogo walizipanga picha moja moja kulingana na ugonjwa. Kwa maneno mengine, macho ya watu waliozoea shamba ndiyo yaliyoifundisha simu.

Mwaka 2020 walichapisha upimaji uliofanyika Afrika Mashariki kulinganisha Nuru na watu. Kwa jani moja, Nuru ilipatia kwa asilimia 65. Maafisa ugani walipatia kati ya asilimia 40 na 58, na wakulima kati ya asilimia 18 na 31. Nuru ilipoonyeshwa majani sita ya mmea mmoja, ilipatia kati ya asilimia 74 na 88. Aidha, maafisa ugani walioitumia kwa wiki mbili waliongeza kidogo ujuzi wao wenyewe wa kutambua dalili.

Tunaona mafunzo mawili hapa. La kwanza, mashine inaweza kweli kumsaidia mkulima. Tusiwe watu wa kuogopa kila kipya. Mkulima wetu wa muhogo anayetegemea udaga wa msimu mzima hana sababu ya kuukataa msaada huo. La pili, ile tofauti kati ya jani moja na majani sita ilijulikana kwa sababu mashine ilipelekwa shambani, ikajaribiwa na watu wa shambani, na makosa yake yakahesabiwa hadharani. Afisa ugani akikabidhiwa simu bila kuelezwa jambo hilo, atapiga picha ya jani moja, na katika mara tatu atakosea kama mara moja. Mkulima atang'oa muhogo mzima na kuuacha mgonjwa.

MAHAKAMANI: MASHINE IKISIKIA VIBAYA

Mfano wa pili unagusa haki. Kwa miaka mingi majaji na mahakimu wetu wameandika mwenendo wa mashauri kwa mkono, neno kwa neno, na shahidi analazimika kusubiri kalamu. Mahakama ya Tanzania imeanza kutumia mfumo wa akili mnemba unaosikiliza, unaonukuu na kutafsiri yanayosemwa mahakamani. Mfumo huo ulitengenezwa na kampuni ya Almawave ya Italia. Umekuja wakati muafaka, kwa kuwa mwaka 2021 sheria ilirekebishwa na Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Shauri likinukuliwa haraka, mfungwa hasubiri nakala ya hukumu kwa miezi ili akate rufaa.

Lakini je, mashine inasikia Kiswahili cha nani? Hapa Unyamwezini wengi wetu, hasa wazee, tunachanganya "l" na "r" bila kujua. Mzee anaposimama kizimbani na kusema binti yake "hakulipiwa mahali", sisi sote tunajua anazungumzia mahari. Karani wa Tabora naye anajua. Je, mashine inajua? Na mtu anayesema alikwenda kupiga "kula"? Katika shauri la ndoa, la mirathi au la shamba, neno moja linaweza kugeuza ushahidi, na rufaa husikilizwa kwa kumbukumbu iliyoandikwa.

Dawa yake ipo nayo ni ushirikishwaji. Watu wa kila pembe wachangie sauti zao katika mifano ya kuifundishia mashine. Tayari ipo mifano ya namna hiyo, kama mradi wa Common Voice wa Mozilla, ambapo watu wanaojitolea husoma sentensi za Kiswahili na sauti zao kuhifadhiwa kwa matumizi ya umma. Makarani wapewe muda na mamlaka ya kusahihisha nukuu, na masahihisho yao yarudi kwa watengenezaji. Aidha, shahidi asomewe alichonukuliwa kabla shauri halijaendelea, naye awe na haki ya kusema, "Hapana, sikusema hivyo."

ZANZIBAR: WATUMISHI WALIOSHIKA RUBANI WENYEWE

Kuanzia mwaka 2016, Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), wakisaidiwa na Benki ya Dunia, walipiga picha za visiwa kwa ndege ndogo zisizo na rubani ndani yake. Ndege hizo ziliongozwa na watumishi na wanafunzi wa huko huko. Baada ya hapo nyumba zilichorwa kwenye picha hizo, na mwaka 2018 picha na michoro hiyo vilitumika katika shindano la kimataifa la kufundisha kompyuta kutambua majengo: lililokamilika, lisilokamilika, na lililo kwenye hatua ya msingi.

Kwa nini tunaitaja kazi hii? Kwa sababu mtaalamu wa mbali akiona kuta zisizo na paa anaweza kudhani ni gofu. Mtu wa kwetu anajua ni nyumba ya mwalimu anayejenga kidogo kidogo kila apatapo mshahara. Kigezo cha "lisilokamilika" kina maana kwa mtu anayeyajua maisha ya Mswahili. Watumishi walishika kazi mikononi, kwa hiyo ujuzi ulibaki ofisini kwao baada ya wafadhili kuondoka.

WALIPOACHWA NJE

Tusidhani kwamba nchi tajiri zimesalimika. Australia, kuanzia mwaka 2015, serikali ilitumia mfumo wa kompyuta kuwadai watu waliopokea ruzuku ya jamii. Kompyuta ilichukua kipato cha mwaka mzima, ikakigawa sawasawa kwa kila wiki mbili, kisha ikasema, "Ulipata zaidi ya ulivyotuambia, rudisha." Tuulete mfano huo Tabora: mkulima wa tumbaku anayelipwa msimu wa soko ahesabiwe kana kwamba ana mshahara kila mwezi, halafu adaiwe kwa kuomba msaada mwezi wa njaa. Mamia ya maelfu ya watu walidaiwa madeni ambayo hayakuwa halali. Serikali ililazimika kurudisha na kufuta madeni ya zaidi ya dola za Australia bilioni 1.7, na Tume ya Kifalme iliyotoa ripoti Julai 2023 iliulaumu mpango huo vikali. Watumishi wa kaunta walikuwa wameonya mapema kwamba hesabu haiko sawa. Hawakusikilizwa.

Uholanzi, maelfu ya wazazi waliopokea ruzuku ya malezi ya watoto walituhumiwa udanganyifu kwa makosa, na mfumo wa kompyuta wa kupima hatari ulikuwa sehemu ya tatizo. Familia zilifilisika. Serikali nzima ilijiuzulu Januari 2021.

Kwa majirani zetu Kenya, Mamlaka ya Afya ya Jamii ilianza kazi Oktoba 2024. Mwenye ajira anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na ajira rasmi anajibu maswali kuhusu kaya yake, na mfumo unakadiria kipato chake na kiasi atakachochangia, kisichopungua shilingi 300 za Kenya kwa mwezi. Nia ni njema, kwamba kila mtu abebe kulingana na uwezo wake. Lakini wengi wamelalamika kwamba walikadiriwa juu ya uwezo wao. Sisi Watanzania, ambao sheria yetu ya bima ya afya kwa wote ilipitishwa na Bunge Novemba 2023, tuna nafasi ya kujifunza kutokana na hayo.

Katika mifano hii yote mashine haikuharibika. Ilifanya kazi iliyoagizwa. Kilichokosekana ni mtu wa chini mwenye ruhusa ya kusema "simameni", na mtu wa juu mwenye masikio.

HOFU YA WATUMISHI

Tumezungumza sana juu ya wananchi, lakini tusimsahau mtumishi: muuguzi wa zahanati, mtendaji wa mtaa, afisa ugani, karani. Mara nyingi mradi unapokuja yeye hupewa mafunzo ya siku mbili, kishikwambi na nywila, basi. Hakuulizwa wakati wa kubuni. Baadaye mashine ikikosea, ni yeye anayesimama mbele ya mwananchi mwenye hasira.

Watumishi wana hofu ya kweli. Wapo wanaoogopa kupoteza kazi, na wapo wanaoogopa kuonekana wapinga maendeleo wakitaja kasoro. Wengine wanaogopa kuwajibishwa kwa uamuzi ambao hawakuufanya. Matokeo yake ni ukimya. Anajaza mfumo ili ukubali, huku akiendelea na daftari lake la zamani pembeni kwa sababu analiamini zaidi. Tumeyaona hayo hata katika vituo vya kanisa.

Ipo njia nyingine. Mpango wa M-mama wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga ulianzia kwa jirani zetu, Sengerema na Shinyanga, kabla ya kuzinduliwa kitaifa Aprili 2022. Mtu anapiga 115 bila malipo, mtumishi wa kituo anafuata maswali kwenye programu, na programu inamsaidia kujua hatua ya kuchukua na chombo cha kutuma. Pale gari la wagonjwa linapokosekana, dereva wa jamii aliyesajiliwa anaitwa, naye analipwa. Programu ina nafasi yake, lakini nguvu ya mpango ni kwamba muuguzi anaamua, dereva wa mtaani ni sehemu ya mfumo, na majaribio yalichukua miaka kabla ya kupelekwa nchi nzima.

MILANGO ILIYOPO TAYARI

Wananchi wengi hawajui kwamba ipo milango ya kugonga.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa rasmi tarehe 3 Aprili 2024. Sheria hiyo inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinatumikaje, kuomba zirekebishwe zikiwa na makosa, na kudai kwamba uamuzi unaomgusa kwa uzito usitegemee mashine peke yake. Hii ya mwisho ndiyo haki ambayo bibi yetu wa paa la bati angeihitaji.

Mamlaka ya Serikali Mtandao nayo imeweka mfumo wa e-Mrejesho, ambapo mwananchi anapeleka malalamiko, maoni au pongezi kwa taasisi ya umma hata kwa simu ya kawaida kwa kupiga *152*00#.

Kimataifa, nchi wanachama wa UNESCO zilipitisha Novemba 2021 Pendekezo kuhusu Maadili ya Akili Mnemba, linalosisitiza kwamba wajibu wa mwisho ubaki kwa binadamu.

Mlango wa zamani kuliko yote ni mkutano wa kijiji au wa mtaa. Tusiudharau. Hakuna sheria inayokataza kuuliza juu ya kompyuta mahali tunapouliza juu ya kisima.

MASWALI SABA YA KUULIZA

Mradi wowote wa namna hii unapofika katika kata yako, iwe wa serikali, wa shirika au wa Dayosisi yetu, uliza:

1. Tatizo gani linatatuliwa, na ni nani aliyesema kwamba ni tatizo?
2. Mashine ilijifunza kwa mifano ya watu gani? Watu wa hapa wamo?
3. Ni watumishi gani wa ngazi ya chini walioshirikishwa kuibuni na kuijaribu, na waliitajia kasoro gani?
4. Inakosea mara ngapi, na ikikosea anaumia nani?
5. Ni mtu gani, kwa cheo chake, mwenye mamlaka ya kutengua jibu la mashine?
6. Aliyeachwa au aliyekosewa analalamika wapi, kwa lugha gani, na atajibiwa ndani ya siku ngapi?
7. Taarifa zetu zitatunzwa wapi, kwa muda gani, na nani mwingine atazipata?

Mtaalamu mwema hatakasirika kwa maswali haya. Yatamsaidia kabla fedha nyingi hazijatumika.

SISI TUFANYE NINI?

Katika Matendo ya Mitume sura ya 6 tunasoma juu ya manung'uniko katika Kanisa la kwanza. Wajane wa wale waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Mitume hawakuwafokea walalamikaji, wala hawakujibu kwamba orodha haikosei. Waliita kusanyiko lote, wakawaambia wachague wenyewe watu saba wanaoaminika, na majina ya waliochaguliwa ni ya Kiyunani. Walioumizwa na utaratibu wakapewa usimamizi wa utaratibu. Hatujui ushirikishwaji ulio kamili kuliko huo.

Kwa upande wetu tumeamua mambo matatu. Kwanza, hakuna orodha ya walengwa katika miradi yetu itakayotoka kwenye kompyuta kwenda kwenye utekelezaji bila kusomwa mbele ya wahusika. Pili, katika mafunzo ya vikundi, kuanzia Chemchem, tutaweka kipindi cha kuyapitia yale maswali saba, kwa kushirikiana na watendaji wa mitaa na ndugu zetu wa Moravian, Wakatoliki na Waislamu, kwa kuwa mashine haitauliza mtu anasali wapi. Tatu, watumishi wetu wa vituo vya afya na kilimo watakuwa na daftari la makosa ya mfumo, litakalosomwa katika kila kikao cha robo mwaka, na hakuna atakayeulizwa kwa nini ameandika.

Babu zetu wa Unyamwezi walibeba mizigo ya dunia kati ya pwani na Ujiji. Mwenye msafara alikuwa na fedha na bunduki, lakini kirangozi na wapagazi ndio waliojua maji yako wapi katika pori la Mgunda Mkali. Walijua pia haki yao: mzigo ukizidi au posho ikipungua, walikaa chini na safari haikuendelea mpaka wamesikilizwa. Wenye misafara waliojifunza kuwasikiliza walifika.

Yule bibi wa paa la bati alirudishwa kwenye orodha msimu uliofuata. Msimu mmoja ulikuwa umempita, na kwa mtu wa umri wake huo ni muda mrefu. Tulikwenda kumwomba radhi. Alitukaribisha, akatupa viti, kisha akasema kwamba siku nyingine tupite kwanza nyumbani kwake ndipo tuandike.

Wasomaji wenye mifano ya mifumo iliyowasaidia au iliyowaumiza katika mitaa na vijiji vyao waifikishe kwa wachungaji au wainjilisti wao, nasi tutaijadili katika toleo lijalo.